Kurasa Kumi na Moja za Kwanta

Bwenini, 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, maana nikianza na habari za kawaida nitaishia hapo hapo, unanijua. Ile Jumapili ya likizo nilipoinuka kwenye stuli ya duka lako nikawaeleza wewe na Bibi nadharia ya kwanta, ukaacha redio ya mtu ikiwa wazi mezani, Bibi akasimamisha cherehani, nilikuwa nimesoma kurasa kumi na moja tu za kile kitabu cha jalada la kijivu. Kitabu kina kurasa mia mbili na arobaini. Yaliyobaki niliyabuni kadiri mlivyokuwa mnanitazama. Sikuwahi kutazamwa hivyo.

Mimi ni mzima. Nimepewa kazi ya msaidizi wa maktaba, maana yake nafuta vumbi na kuwanyamazisha watu kwa macho, kwa sababu sauti yangu hawaisikii. Nimehamia kitanda cha juu. Mpe Bibi salamu zangu, mwambie sweta alilonishonea viwiko linanitosha bado.

Sasa jambo lenyewe. Juzi mwenzangu wa kitanda cha chini alirudi kutoka kwao na sabuni iliyofungwa kwenye karatasi ya rangi ya machungwa. Mimi husoma kila karatasi, hata za sabuni. Hii iliandikwa: "KITUO CHA VIPIMO VYA KWANTA. Shika fimbo sekunde sitini, ujue mwili wako wote: ini, figo, macho, kumbukumbu na bahati ya ndoa. Wanasayansi wamethibitisha: KITU HAKINA HALI MPAKA KIPIMWE. Pima kwetu, upate hali njema!" Chini kuna picha ya mlango wenye kitasa cha waya wa shaba. Kitasa hicho tulikitengeneza wewe na mimi. Na jina ni lile la utani wanalokuita mtaani tangu zamani, Mawimbi, ila limeongezwa mbele neno Daktari.

Kwenye bahati ya ndoa nilicheka. Kwenye hiyo sentensi ya herufi kubwa sikucheka. Ni yangu. Niliisema nikiwa nimeshika bisibisi yako kama fimbo ya mwalimu, nikaona umeiandika nyuma ya kalenda, nikafurahi siku nzima. Sikujua unaandika tangazo.

Mtu aliyenifundisha nikiwa na miaka tisa mguu upi wa transista unaingiza na upi unatoa, leo anawashikisha watu wazima fimbo ya chuma na kuwaambia habari za ndoa zao! Naona haya kwa niaba yako, kwa kuwa mwenyewe naona huna nafasi.

Naomba mambo matatu. Toa sentensi yangu. Niambie kama umeifungua hiyo mashine, maana wewe hujawahi kupewa hata saa ya ukutani ukaacha kuifungua. La tatu, usimwambie Bibi habari za kurasa.

Ni mimi mpwa wako.


Dukani, 19 Februari

Kwa Profesa wa Kurasa Kumi na Moja,

Marahaba mara kumi na moja, moja kwa kila ukurasa.

Sisi wazima. Bati la jikoni lililokuwa linavuja nimeliziba. Jirani wa mlango wa pili amenunua jogoo asiyejua saa, anawika saa nane mchana kama anatangaza habari. Bibi yako mzima, sauti yake inafika mpaka barabarani. Wiki iliyopita alimshonea karani mmoja sketi, mfuko ukaenda kukaa mgongoni. Karani akauliza, "Mama, hapa nitaweka nini?" Bibi akamwambia, "Weka maneno ya watu wanaokusema." Tulicheka mpaka machozi. Siku hizi mimi ndiye namtungia uzi. Anasema mwanga wa dirishani umepungua. Nimemwekea balbu kubwa zaidi, bado anaulaumu mwanga. Wazee hawana dogo.

Haya, tuje kwenye somo lako. Umenitukana kwa lugha safi, hongera, ada haiendi bure. Lakini nikuulize, mara ya mwisho umemwona mtu na redio mkononi ni lini? Mimi nimekaa kwenye kile kiti miaka ishirini na mbili. Mwaka jana mzima nilikaa nikifuta vumbi kwenye redio ambazo wenyewe wameshazisahau. Watu walikuwa wakipita hapa wananiona kama nguzo ya umeme. Sasa wanapanga foleni, wananiita Daktari, wanavua kofia. Siwalazimishi. Wanashika fimbo, taa inawaka, karatasi inatoka, wanaondoka wameridhika zaidi ya walivyokuja. Nionyeshe hospitali inayofanya hivyo.

Halafu nadharia yenyewe, wewe ndiye ulisema hata wenye nayo hawaielewi. Ulisema, nina ushahidi nyuma ya kalenda. Sasa kama wenyewe hawaielewi, ni nani atakayesema mimi ndiye niliyeikosea? Mtoto wa shule aliyefika ukurasa wa kumi na moja?

Siri yako iko salama. Nitailinda vizuri kabisa, mradi na wewe uniache na fimbo yangu.

Soma, ule, ulale.

Mjomba wako, Daktari.


Bwenini, 2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilikaa siku nne ofisini kwa matroni kwa sababu bahasha iliandikwa "Profesa" na hapa hakuna profesa. Nimeambiwa nikuombe uache. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Likizo ya Aprili darasa letu litabaki kwa masomo ya ziada, kwa hiyo hamtaniona mpaka katikati ya mwaka.

Nimekianza kitabu upya, safari hii kwa penseli. Niko ukurasa wa sitini na nne. Mwalimu wa fizikia, yule anayetembea na chaki mfukoni mpaka koti limekuwa jeupe upande mmoja, alinikuta nacho akasema, "Wewe usiyeongea, njoo maabara baada ya vipindi."

Alikuwa na ile kalamu ya mwanga mwekundu ya kuelekezea ubaoni. Akaniambia ning'oe unywele wangu mmoja. Tukaubandika wima mbele ya mwanga, tukazima taa. Nilitegemea kivuli chembamba ukutani. Badala yake ukuta ulijaa michirizi: mwekundu, giza, mwekundu, giza, ikienda kulia na kushoto mbali kabisa na unywele.

"Mwanga umepita pande zote mbili, ukakutana na wenyewe," akasema. "Hilo ni wimbi, huyo mjomba wako wa redio uliyenitajia angekuelewesha. Sasa sikiliza ugonjwa wenyewe. Punguza mwanga mpaka zipite chembe moja moja. Kila chembe inagonga ukuta mara moja, nukta moja, kama kokoto. Subiri nukta elfu kadhaa. Zinajipanga michirizi ile ile. Kila moja ilipita peke yake. Ilijuaje mahali pa kukaa?"

Nikasema sijui.

"Vizuri. Sasa weka kifaa cha kuandika kila chembe imepita upande upi. Michirizi inapotea."

"Kwa sababu tunatazama?"

Akacheka. Si kwa ubaya, lakini alicheka. "Ukienda zako kulala je? Inapotea vile vile. Haijali macho yako, mtoto. Hata hewa ikibaki na alama kidogo tu ya ilikopita, mchezo umekwisha."

Hapo ndipo nilipokosea, Mjomba, na wewe ukachapisha kosa langu kwa herufi kubwa. Kupima si kutazama kwa mtu. Ni kitu kuacha alama kwenye kitu kingine. Mezani kwako hakuna kinachosubiri kupimwa. Hewa inakipima, mwanga unakipima, meza inakipima mchana kutwa.

Wewe umesikia kwamba hii nadharia ni ngumu, ukadhani ni kiwanja kisicho na mwenyewe, kila mtu ajenge kibanda anachotaka. Siyo. Inasema huko chini kabisa ulimwengu haufanani na meza wala kokoto, kwamba kuna maswali ambayo kabla hayajaulizwa hayana jibu lililojificha mahali likisubiri. Hilo linatisha. Mimi limeninyima raha, nakaa darasani naangalia dawati kama mtu aliyedanganywa. Lakini hesabu zake hazibembelezwi. Michirizi inaanguka pale inapotakiwa kuanguka, utake usitake. Umechukua kitu kinachosema "utake usitake" ukawauzia watu kama "utakavyo". Huo si hata uongo wa maana. Ni uvivu.

Na hukunijibu kama umeifungua.

Sasa nasoma barua yako mara ya tatu, na sicheki. Mfuko mgongoni. Uzi unatungiwa. Mwanga umepungua hata baada ya balbu kubwa. Kadi ya kliniki ya Bibi iko kwenye droo ya cherehani, chini ya mkebe wa vifungo. Daktari wa macho alisema ana presha ya macho, atie matone asubuhi na jioni, apimwe kila miezi mitatu. Tarehe iliyoandikwa ni ya Januari. Alikwenda?

Mpwa wako.


Dukani, 28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Jogoo wa jirani ameuzwa, aliyemnunua anakaa nyumba ya tatu, kwa hiyo hatujapata nafuu. Kampuni iliyonipa mashine imenipa na koti jeupe. Linanibana mabegani.

Barua yako nilimsomea Bibi, nikaruka matusi na somo la fizikia, kwa hiyo ilikuwa fupi. Akasema atajibu mwenyewe. Haya ni maneno yake. Ameniwekea mkono begani nisiruke hata moja.

"Mjukuu wangu, mama, hujambo? Mimi sijambo. Sweta ulivue kabla ya kusugua sakafu, viwiko vile sivishoni tena. Umeuliza habari za kadi. Sikwenda Januari, sikwenda Februari, wala sitakwenda. Na asikutishe mtu, nimefanya kwa akili, tena akili uliyonipa wewe. Si ulituambia kitu hakina hali mpaka kipimwe? Nimekaa na maneno yako nikishona. Nikajiambia, hebu ngoja. Kila nikienda kwa yule daktari ananiegemeza kidevu kwenye chuma chake, ananipuliza jichoni, anasema imepanda. Kabla sijaenda ni mzima. Nikirudi ni mgonjwa. Kumbe ni yeye anayeipandisha kwa kupima! Basi nimemnyima jicho langu. Presha na ikae huko huko kwenye kutokuwa na hali. Umeona nilivyokuelewa? Mjomba wako anasema nimeelewa kuliko wateja wake wote. Yale matone yalikwisha, na chupa nyingine hawatoi mpaka wapime, kwa hiyo nimeyaacha. Upande wa kushoto kuna ukungu kidogo, lakini ni dirisha, halijafutwa. Nawaambia wateja, mjukuu wangu hasemi sana, lakini akisema, amesoma."

Hayo ni yake. Sasa yangu, mafupi. Fimbo yangu ilimpa macho asilimia tisini na mbili, sikatai. Lakini fimbo haikumwambia mtu asiende kliniki. Nani alimwambia, Profesa?

Mjomba wako.


Bwenini, 6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Habari za huku sina.

Ulikaa pale, mkono wake begani kwako, ukaandika kwamba mama yako haoni upande wa kushoto, ukaweka nukta, ukaendelea na mstari unaofuata. Mwandiko haukutetereka hata kidogo. Nimeukagua.

Nimefunga ndani ya bahasha hii ukurasa wa Bibi. Umsomee kama ulivyo, leo hii, kisha umpeleke kliniki.

"Bibi, shikamoo. Chembe moja ya nuru ni kitu kidogo sana, na mambo yake ni ya ajabu kweli. Lakini jicho lako si chembe. Lina chembe nyingi kuliko vifungo vyote vilivyowahi kushonwa duniani, na zote zinasukumana na kuachiana alama bila kupumzika. Presha ya jicho lako haimngojei daktari. Inakandamiza mshipa wa nyuma ya jicho kila dakika. Mshipa ndio unaoipima, na jibu lake ni kufa kidogo kidogo, kuanzia pembeni, bila maumivu. Daktari anakuja tu kusoma kilichokwisha andikwa. Watu wengi wanaposikia habari za nadharia hii huielewa vibaya, na huenda maelezo ya likizo hayakukaa sawa. Nimechora hapa chini mchoro wa jicho. Nenda kesho. Mjukuu wako."

Mwishoni mwa wiki nitamwomba matroni simu.

Mpwa wako.


Dukani, 21 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua siku zimepita arobaini na zaidi. Sisi wazima kiasi. Bibi amepunguza kushona, anafanya pindo tu, kwa kupapasa. Jogoo amekufa, sijui kwa nini nakuambia.

Ile simu yako ya Aprili, mtandao haukuwa mbaya. Nilikusikia vizuri kabisa. Nilikuwa nimesimama dukani na koti jeupe, nikasema "haloo, haloo, unakatika", na mteja akanionea huruma.

Umeniuliza mara mbili kama nimeifungua. Niliifungua siku ile ile ilipofika, kabla hata sijaitoa nailoni kwenye plagi. Unanijua. Ndani kuna bodi moja ndogo, kama ya kikokotoo. Kuna kichapishi. Waya wa fimbo unaingia kwa tundu la pembeni, unakwenda sentimita nne, unaishia kwenye tone la gundi. Haujaungwa popote. Nilicheka peke yangu. Nikaifunga, nikaigusisha fimbo kwenye mguu wa kiti changu. Ilisoma sekunde sitini, ikatoa karatasi. Kiti kina figo dhaifu.

Kwa hiyo nilijua. Siku ya kwanza nilijua. Siku ya pili mtu akaingia akaniita Daktari.

Lakini hili ndilo ambalo sikutaka kukuandikia. Bibi alipoishika fimbo, nami nimeuona ule waya kwa macho yangu, ikatoa tisini na mbili, nilifurahi. Moyo wangu ulitulia. Nilisema, afadhali. Mimi fundi, miaka ishirini na mbili, niliamini karatasi iliyotoka kwenye kikokotoo kwa sababu ilisema ninachotaka. Ukitaka kunidharau anza hapo, mengine yote ni madogo.

Sasa na wewe upokee yako. Ukurasa wako sikumsomea. Niliusoma mimi, mara nyingi. Una jicho, una vifungo, una mshipa, una mchoro mzuri. Neno moja halimo. "Huenda maelezo ya likizo hayakukaa sawa." Maelezo ya nani? Yalijieleza yenyewe? Umeniambia mimi habari za kurasa kumi na moja kwa sababu mimi unanidharau, kwa hiyo hainiumi wala haikuumi. Yeye hukuthubutu. Yeye anakuita msomi. Na nilijua nikimsomea karatasi ile atasema, "Naam, lakini yeye mwenyewe alisema vingine," na atabaki na lile la kwanza, kwa sababu la kwanza ulilisema umesimama. Nikasema, haya, kumbe kila mtu ana fimbo yake hapa. Nikaiweka karatasi chini ya mkebe wa vifungo.

Hiyo si sababu nzuri. Najua. Ningeweza kumshika mkono nikampeleka. Kila asubuhi nilisema kesho, nikavaa koti.

Jumatatu nakwenda kwenye semina ya Kampuni, siku tisa. Wanatuletea mashine mpya, ya zamani naiacha dukani. Jirani wa mlango wa pili atakuwa akimwangalia Bibi. Ufunguo uko mahali pake.

Mjomba wako.


Dukani kwako, 29 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia mezani kwako, kwa kalamu yako. Bibi yuko nyuma yangu, anapapasa mkebe wa vifungo na kuvipanga kwa ukubwa. Anakusalimu, au niseme, ametaja jina lako. Jirani mzima. Nimekuta barua tatu za Kampuni mlangoni, sijazifungua.

Barua yako ilinifikia Ijumaa. Niliisoma, nikatafuta sentensi ya kukujibu, nikapata kadhaa nzuri sana. Kisha nikasoma tena pale uliposema neno moja halimo. Nilikuchukia mpaka jioni. Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia nina jambo nyumbani. Akasema, "Sema kwa sauti." Nikasema kwa sauti. Akanipa siku nne.

Nilifika Jumatatu saa nne asubuhi, wewe umeshaondoka. Bibi alikuwa amekaa mbele ya cherehani, imefunikwa. Aligeuza kichwa chote kunitazama, kama ndege. Nikapiga magoti nikamwambia: Bibi, siku ile nilikuwa nimesoma kurasa kumi na moja. Sikuwa naelewa. Ile sentensi niliibuni nusu, na nusu niliyoisoma ilikuwa haijaisha.

Alipapasa kifuniko cha cherehani.

"Kumi na moja," akasema. "Kati ya ngapi?"

"Mia mbili na arobaini."

"Na mimi nimekaa humu miezi mitano na jicho langu kwa ajili ya kurasa kumi na moja." Akavuta pumzi puani. "Mimi nguo sijawahi kumpa mtu ikiwa imeshonwa bega moja. Nyinyi wawili mnatoa tu. Huyu anatoa karatasi, huyu anatoa maneno. Na mimi mpumbavu katikati, najiona mwanasayansi." Kisha akasema nimpe viatu.

Daktari wa macho hakufoka. Alisoma tarehe kwenye kadi, akatutazama, akaandika. Jicho la kushoto thelathini na nane, la kulia ishirini na saba. Inatakiwa isizidi ishirini na moja. Halafu alimkalisha mbele ya bakuli kubwa jeupe, akamfunika jicho moja, akampa kitufe. "Mama, nuru itakuja nukta moja moja, huku na huku. Ukiiona, bonyeza." Nilisimama nyuma yake, nami niliweza kuziona nukta. Zilikuja moja baada ya moja, kila moja peke yake. Kwa jicho la kulia alibonyeza, akabonyeza, akaruka chache. Kwa jicho la kushoto nukta zikaja, moja, nyingine, nyingine, na kidole chake kimetulia kabisa juu ya kitufe. Aliuliza, "Hujaanza, daktari?"

Karatasi ya kipimo ilitoka. Nukta zote zilikuwa zimeandikwa, zile alizoziona na zile zilizopita. Upande wa kushoto ni weusi zaidi ya nusu. Daktari alisema weusi ule hautarudi kuwa mweupe. Wa kulia unaweza kulindwa kama matone hayatakosa hata siku moja. Bibi akauliza, "Ningekuja Januari?" Daktari akasema asingependa kubuni. Nilimheshimu kwa hilo. Nilitamani ningekuwa yeye ile Jumapili.

Nimetia matone jana jioni na leo asubuhi. Nimechora kwenye kalenda visanduku viwili kwa kila siku mpaka mwisho wa mwaka, upande wa nyuma, juu ya ile sentensi. Ukirudi, kalamu iko kwenye kamba. Kliniki ijayo ni tarehe ishirini na saba ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi. Utampeleka wewe. Siombi.

Sitakuambia nimekusamehe, maana hukuniomba. Na mimi Bibi hajanisamehe, nilimuuliza, akasema niache haraka.

Nimeifungua mashine. Sikutaka kukuamini kwa maneno, kwa hiyo nilipima kwanza. Kiti kina figo dhaifu, asilimia sitini na moja. Nilipima mara ya pili nikapata themanini. Nimeiacha wazi hapa mezani, upande wenye tone la gundi unatazama mlango, ili anayeingia aone waya unaishia wapi. Tangazo la dirishani nimelibandua. Gundi ilibaki kwenye kioo, nimeikwangua kwa wembe.

Kwenye rafu ya juu kuna redio tatu zenye vikaratasi vya majina. Mwenye ile ya kijani amepita mara mbili tangu Jumatatu. Nilimwambia fundi amesafiri. Akauliza, "Fundi au Daktari?" Nikasema fundi.

Kisha nilifuta dirisha, ndani na nje. Nikavuta stuli karibu na cherehani, upande wa kulia wa Bibi, anakoniona. Nikafungua kitabu cha jalada la kijivu ukurasa wa kumi na mbili, nikaanza kumsomea.